Fundi Vioo na Protini Zilizobanana

Kazini walimwita Fundi Vioo, ingawa hakuwahi kukata kioo cha dirisha hata kimoja. Vioo vyake vilikuwa vidogo kama ukucha, vimepakwa dhahabu nyembamba isiyoshikika. Kazi yake pale maabara ilikuwa kubandika juu yake protini zinazojua kukamata kingamwili. Kingamwili ikishikwa miguu, mikono yake hubaki huru kunasa vijidudu kwenye tone la damu. Kijidudu kikinaswa, mwanga unaopiga kile kioo hubadilika kidogo, na mstari kwenye kompyuta hupanda.

Ila mstari haukupanda. Majuma yalipita umelala tu. Mkuu wa maabara, bwana mmoja mpole aliyependa kutembea na soksi ofisini, aliamini protini ni chache. "Ongeza," alisema kila asubuhi. Fundi Vioo akaongeza. Wapi.

Nyumbani mumewe, dereva wa lori, alimchokoza. "Vipi, leo mmeamka?"

"Sisi tuko macho, baba watoto. Mstari ndio umeuchapa usingizi."

Kisha protini zikakaribia kwisha, na mzigo mpya ukakwama bandarini. Fundi Vioo hakuwa mtu wa kukaa bure. Akamfuata mkuu wake. "Bosi, kilichobaki nikizimue kwa maji ya chumvi, kitoshe vioo vyote?"

"Kama supu wageni wakiingia ghafla," mkuu akacheka. "Haya, zimua. Hatuna cha kupoteza."

Akabandika, akasuuza, akaweka kingamwili, mwishowe akadondosha damu ya majaribio yenye vijidudu. Akakaa, kidevu mkononi, bila kutarajia lolote. Mstari ukatikisika. Ukapanda. Akadhani mashine ina wazimu, akaweka kioo kingine. Nacho kikapanda. Hapo akaenda kumvuta mkuu shati, mkuu angali na mkate mkononi.

Mkuu alitazama mpaka akasahau kutafuna. "Kumbe tulizijaza kama watu kwenye lifti," akasema taratibu. "Kingamwili hazikuwa na pa kunyoosha mkono."

"Nami nikawa naongeza kwa moyo mkunjufu."

Wakacheka mpaka machozi. Mzigo ulipofika, wakajaribu tena na tena, wakapunguza na kuongeza, hadi wakajua kipimo kinachofaa.

Mama mkwe wake, aliyekuwa amekuja kuwatembelea, alitaka kuelezwa. Akasikiliza kwa makini. "Kwa hiyo mwanangu, unalipwa kwa kuweka kidogo?"

"Ndiyo, mama."

"Hiyo kazi hata mimi naiweza."

Baadaye vioo vilipelekwa kujaribiwa katika zahanati moja, na Fundi Vioo akaenda kushuhudia. Mama mmoja alileta mtoto mwenye homa, akapata jibu kabla hajamaliza kumbembeleza. Fundi Vioo akajikuta amekaa kwenye benchi la wagonjwa, anatabasamu peke yake, mpaka muuguzi akamsogelea na kumuuliza anaumwa wapi.