Ngoma ya Kisamvu

Leo nimetunga ngoma ya asili bila kukusudia.

Mnakumbuka ile fomu ya kubadilishana wanafunzi wa muziki? Niliandika kwa mwandiko mzuri kabisa: "Napenda safari, tamaduni za watu na kukarimu wageni."

Safari yangu ndefu kuliko zote ni Turiani, hapa hapa mkoani kwetu, msibani. Fomu haikuuliza.

Basi leo mgeni wangu, Aino, kafika kwetu Bigwa kutoka Finland, vayolini mgongoni. Tukielewana wiki hii, zamu ijayo naenda kwao mimi.

Kwa hiyo mpenda wageni nikafanya nini? Nikakimbilia uani, nikashika mchi.

Mama akanifuata. "We si uliandika unapenda wageni? Mgeni huyo sebuleni, kampende!"

"Namalizia kisamvu, Mama."

Nikatwanga kwa nguvu, nisisikie nikiitwa tena. Kwa aibu nikajikuta nafuata mapigo ya ngoma tunayofundishwa darasani.

Kugeuka, Aino yuko mlangoni na daftari.

"Asante sana," akasema kwa Kiswahili cha kitabuni. "Ngoma hii inaitwaje?"

Jamani, ningesema nini?

"Kisamvu."

Akaandika: *Kisamvu, ngoma ya kumpokea mgeni.* Mama akakimbilia ndani kucheka. Msaada mkubwa huo.

Aino akatoa vayolini, akafuata mchi wangu. Tukapiga mpaka kisamvu kikawa uji, na mimi nikasahau kuona aibu.

Sasa anataka turudie kesho mbele ya majirani. Mama keshachuma majani mengine.

Nifanyeje? Asiniambie mtu niseme ukweli. Finland ni mbali, na nataka kufika.