Ndege ya Babu Iliyofunguka Nyuma

Nikifungua chupa ya siki hata leo, kwa ajili ya achari tu, hasira hunipanda kabla sijamimina. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa akisafishia siki vioo vya picha kila Alkhamisi nyumbani kwetu Wattaya, katika nchi ya Kiarabu waliyohamia wazee wetu kutoka Unguja, na picha aliyoisugua kuliko zote ilikuwa ya marehemu Babu. Harufu ile inanikumbusha ugomvi, na ugomvi wenyewe sijautubia.

Picha ilikuwa ndogo kama kiganja, imepauka. Babu kasimama kiwanja cha ndege cha Unguja, mikono nyuma, kichwani tarbushi, ile kofia ngumu ya kusimama. Nyuma yake ipo ndege ya ajabu: bawa liko juu, tumbo limenenepa mbele, kisha ghafla imekonda. Mikia miwili imechomoza, mmoja kila upande wa kichwa chake. Babu alifanya kazi na ndege hiyo zamani za Mwingereza, na hadi anakufa aliapa kuwa ilikuwa ikifunguka matakoni, mizigo ikaingilia huko. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi.

Aliyecheka kuliko wote ni Ami Nassor, kaka mkubwa wa baba, muuza magari, mtu wa dishdasha, kanzu ya Kiarabu, isiyo na kunyanzi hata moja. Yeye alishikilia kuwa ile si ndege, ni ubao uliochorwa. Na kweli, wapiga picha wa zamani walikuwa na mbao za namna hiyo. Unasimama mbele yake, unaonekana umesafiri. "Mzee alikuwa akipenda mzaha," alisema. Mwaka ule, katikati ya miaka ya tisini, nilikuwa na umri wa miaka kumi na mbili, na Ami alikuwa anamalizia nyumba yake mpya Al Amerat, ambako Bibi angehamia. Akatangaza kwamba picha ile haitapanda ukuta wa majlis yake, yaani sebule ya wageni, wasije wakatucheka.

 Bibi aliifunga ndani ya kanga akaitia sandukuni. Mimi jambo lile lilinichoma, nikaapa nitaitafuta ndege ile mpaka niipate, Babu asibaki mwongo.

Nilikuwa na kitabu kimoja tu. Mama alinunua sanduku la vyombo kwa Mwingereza aliyekuwa anahama Azaiba, na chini ya masufuria tukakuta kitabu kinene cha ndege za zamani za kwao, kila moja na picha yake. Kiingereza changu kilikuwa cha kubahatisha, basi nikasoma kwa macho. Katika picha ya Babu nilihesabu injini mbili, bawa moja juu, magurudumu matatu yasiyoingia tumboni, mikia miwili. Kila alasiri nilifunua kurasa nikitafuta mikia miwili. Nilikuta ndege za vita, za barua, za kutua majini, na hakuna hata moja yenye tumbo lile. Wiki ya tatu nikaanza kumchukia Babu kidogo.

Siku moja Bibi alinikuta nimeitoa picha sandukuni, nimeikodolea macho. Nikamtania kwamba tarbushi lilimpendeza sana mumewe.

"Tarbushi gani?" akauliza. "Babuyo hajavaa tarbushi tangu kuzaliwa kwake. Akisema ni la makarani. Yeye kofia yake ya viua, ya kushona kwa mkono, na kazini hata hiyo akiivua."

"Hili hapa kichwani, Bibi."

"Mie macho yangu tangu lini yakaona kilichomo humo? Nnamsugua tu, mwanangu."

Nikaisogeza picha dirishani. Kwetu kila mzee katika picha za zamani ana tarbushi, basi na huyu tulimvisha bila kumuuliza. Lile tarbushi lilikuwa mkia wa tatu wa ndege, umesimama sawasawa nyuma ya kichwa chake. Nikarudi kitabuni nikahesabu mikia mitatu, na pale pale nikaupata ukurasa ambao nilikuwa nimeuruka mara kumi. Ndege iliitwa Aerovan. Nikachukua kamusi, nikasoma neno kwa neno: ilibeba mizigo, ilitengenezwa kwa mbao, na sehemu yake ya nyuma hufunguka yote kama mlango. Nilicheka peke yangu, kisha nikalia.

Ijumaa iliyofuata Ami alikuja kwetu kula na wageni wawili wa kazini kwake. Niliingia majlis bila kuitwa, nikaweka picha kando ya ukurasa.

"Ami, ulisema kweli, ni mbao," nikamwambia. "Lakini iliruka. Na inafunguka matakoni, imeandikwa hapa."

Wageni wakakiinamia kitabu. Ami hakukitazama.

"Aibu," akasema. "Mtoto wa kike unamsuta ami yako mbele za watu. Niombe radhi."

"Siombi. Wewe muombe Babu."

Baba alinifungia ndani mwezi mzima. Bibi naye, siku aliyohamia Al Amerat, kabla hata ya kunywa kahawa, aliomba nyundo na msumari, akaigongelea picha mwenyewe kwenye ukuta wa majlis. Ilikaa upande, na hakuna aliyethubutu kuinyoosha.

Miaka kama kumi baadaye, Bibi ameshatutoka, nilikuwa namrudisha Ami nyumbani kwa gari kutoka hospitali. Alikuwa mzee sasa, amepungua. Tulipokuwa tunapanda milima ya Al Amerat akaanza kusema bila kuulizwa.

"Ile ndege nilikuwa nnaijua. Mama akinituma nimpelekee baba chakula kiwanjani. Nikimuona anatoka matakoni mwa ndege, kifua wazi, gunia mgongoni. Huku watu wanakuuliza, babako alikuwa nani? Ningewaambia nini?"

Miaka yote nilidhani nilibishana na mtu asiyejua. Kumbe Ami alijua kabla yangu, akaona afadhali baba mzushi kuliko baba hamali. Mimi nilipigania mikia mitatu, na mikia haikuwa ikimsumbua mtu. Alichokuwa anakificha yeye ni ule mgongo uliotulisha. Nilimuonea huruma, siwafichi, lakini radhi sikuiomba.

"Ungewaambia alikuwa hamali, Ami," nikasema, nikabadilisha gia. "Mimi huwaambia."