Gari Lisilo na Sauti

Kaka yangu mnamwita Sikio. Jina hilo nilimpa mimi tukiwa wadogo, kwa hiyo msinifundishe habari zake. Gari likikata kona tu, alishajua plagi zimechoka. Akaja kuwa fundi. Gereji yake ni banda la mabati lenye shimo la kuingilia chini ya magari, na watu hawanunui gari mpaka yeye alisikilize. Anainamia boneti, anafumba macho, anasema neno moja: chukua, au acha. Hakuna anayembishia.

Mimi ni dereva. Miaka tisa nimeendesha teksi ya mtu, mgongo unawaka moto, faida anakula mwenye gari. Mwaka huu akiba ikatosha gari langu. Pale yadi ya kuuzia magari kulikuwa na mawili ya bei moja. Moja la umeme, la kijivu, umbo kama kipande cha sabuni. La pili la spoti, jekundu, milango miwili, viti viwili.

Tulikaa mezani kwangu, mimi na kaka na kalamu. Kulichaji lile la kijivu ni robo tu ya gharama ya mafuta ya siku. Halina oili, halina plagi, halina injini ya kufungua. Kila nilipokata kitu kwenye karatasi, kaka alijisugua shingo.

"Lakini lile jekundu ukilikanyaga linaongea," akasema. "Utalikodisha kwa maharusi."

Sikatai, na mimi moyo ulinienda mbio nilipolikalia. Nani hapendi kutazamwa? Ila nina watoto wawili shuleni.

"Kaka, nachukua la umeme. Kanikagulie tu."

Alikwenda asubuhi. Aliporudi hakunitazama usoni. "Betri imekufa, mdogo wangu. Miezi sita utakuwa unalisukuma."

Sikuuliza swali la pili. Nikanunua jekundu.

Mnaotaka kucheka, chekeni. Abiria wa kwanza alikuja na mama yake na masanduku matatu, nikawaangalia wakipanda teksi ya mwenzangu. Harusi ya kwanza, kiti kimoja changu, kimoja cha bibi harusi, na bwana harusi akatufuata nyuma kwenye gari la shemeji yake, amenuna. Mafuta linabugia. Na kila wiki mbili niko gerejini kwa kaka, natoa hela, yeye anaimba kichwa kikiwa ndani ya boneti.

Juzi, kwenye foleni ya teksi, nikaliona la kijivu. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu. Nikamuuliza, tena kwa huruma kabisa, kama betri inamsumbua. Akashangaa. Akafungua kidroo cha dashibodi akanipa karatasi ya kipimo waliyomwachia pale yadi: betri asilimia tisini na mbili. Chini yake, palipoandikwa aliyepokea nakala ya kwanza, sahihi ya kaka yangu, ile yenye mkia mrefu. Tarehe ni ya siku ile ile aliyoniambia betri imekufa.

Nilimkuta kaka gerejini amekalia ndoo, anakunywa chai.

"Ulijua?"

Akaweka kikombe chini. "Gari lile halina sauti. Mkihamia huko wote, mimi nitasikiliza nini?"

"Si ungeniambia hivyo."

"Ungelinunua hata hivyo."

Ni kweli, ningelinunua. Lakini angenidanganya mtu baki ningelia siku moja nikasahau. Huyu ndiye mtu pekee ambaye sikuwahi kumuuliza swali la pili, na inaniuma mpaka leo.

Jana jekundu likaanza kukohoa. Kuna fundi mwingine, barabara ile ile, ukishalipita banda la kaka. Nilipolikaribia banda, kaka alishanisikia. Alikuwa amesimama langoni anafuta mikono, gari la mteja amelisogeza kando, amenitengea nafasi. Nikatia gia ya pili nikapita polepole, asikie vizuri ni nani anayempita.