Mbao Zilizofika Bila Onésime

Bénédicte Mukashyaka alikuwa muuza maharagwe kabla hajawa mtu wa mbao. Alikuwa akipanga sufuria zake mbele ya atelye, karakana ya useremala ya Onésime Havugimana, katikati ya mji wa Goma, na mafundi wote wa pale walikula kwake. Siku moja Onésime alishushiwa shehena ya libuyu, ule mti mwekundu wenye harufu tamu unaoletwa kutoka misitu ya upande wa Beni. Akawa anagonga ubao mmoja mmoja kwa kifundo cha kidole, kichwa kimeinama, anasikiliza. Bénédicte, mwiko mkononi, akashindwa kunyamaza.

"Papa, ile uliyoweka sasa hivi ingali na maji."

"Umejuaje?"

"Inalia kama tumbo la mutu aliyeshiba. Zingine zinalia kikavu."

Onésime akarudia kugonga. Akautoa ule ubao pembeni, akamtazama yule mama muuza maharagwe kana kwamba ndiyo kwanza anafika mtaani. Mwaka haukuisha wakafunga ndoa kanisani, na sufuria zikahamia ndani ya nyumba. Bénédicte akajifunza kupiga msasa na verni ya kung'arisha mbao. Mume alikata na kuunga, mke alisugua hadi mti utoe rangi yake. Wateja wenye haraka waliwaona wagumu. Onésime hakukubali kuunda kitanda kwa mbao ambazo hazijapumzika, maana alishaona milango ya kabati ikijikunja miezi michache baada ya kufika kwa mwenyewe, na aibu ile hakuitaka.

"Nipe muda," aliwaambia. "Huu muti ulikuwa unakunywa mvua kabla ya wewe kuzaliwa. Utakaukaje kwa juma moja?"

Kwa hiyo nyuma ya atelye kulikuwa na rundo la libuyu lililopangwa kwa vijiti katikati ili hewa ipite, na hilo ndilo lilikuwa utajiri wao.

Januari ya 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka ubavuni, na jua lilikuwa bado juu pale moto ulipoingia mjini. Mji wenyewe wakati ule ulikuwa mikononi mwa waasi, na watu walishazoea kukimbia, lakini walizoea kukimbia risasi. Jiwe linalotembea hakuna aliyelizoea. Bénédicte alimfunga mgongoni binti yao mchanga, Uwingabire. Onésime akajitwika sanduku la randa na misumeno. Alisimama mbele ya rundo la mbao, akaweka kiganja juu yake kama mtu anayepima homa ya mtoto, kisha akageuka wakaondoka.

Kutoka upande wa Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda, waliona moshi umefunika katikati ya mji. Upepo ulileta harufu ya kiberiti na ya petroli, na ndani yake Bénédicte akasikia nyingine, tamu, anayoijua.

"Onésime, ile ni—"

"Usinuse," mumewe akasema. "Funika mutoto."

Waliporudi, jiwe lilikuwa bado linachoma nyayo kupitia viatu. Walitafuta mahali atelye ilipokuwa. Onésime akasema ni hapa, Bénédicte akasema ni pale, na kwa kuwa hapakuwa na ukuta wala mti wa kuwaamua, waliacha. Walihamia Keshero, mtaa wa pembeni mwa mji, wakajenga kijumba cha mbao za mkaratusi kama kila mtu, na Onésime akaanza tena na ubao mmoja wa kazi chini ya turubai.

Waasi hao waliondoka, wakaja wengine. Barabara ya Beni ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa. Libuyu ikawa inapatikana kwa bahati. Ndipo Onésime alipokumbuka grevilea alizopanda baba yake huko Kalengera, kwenye barabara ya Rutshuru, kando ya shamba la ndizi. Wengi huuona kuwa mti wa kuni na wa kivuli. Onésime aliujua vingine. Ukipasuliwa kwa kufuata moyo wake, hutoa madoa yanayong'aa kama magamba ya samaki. Alienda akaikata miwili iliyonyooka, akaipasua na kuzipanga mbao chini ya paa la shemeji yake Rémy, ndugu wa Bénédicte, zikauke.

"Ni za kabati la Uwingabire," alimwambia mkewe. "Siku akiolewa."

"Mutoto angali anacheza kamba."

"Ndiyo wakati wake. Akipata mchumba tutakuwa tumechelewa."

Mwaka 2012, katikati ya kiangazi, alipanda Kalengera kuzileta. Alisema hatakawia. Baada ya siku chache kamio, lori la mizigo, likasimama mlangoni Keshero, na dereva, jina lake Dieudonné, akaanza kushusha mbao.

"Na yeye?" Bénédicte akauliza.

"Nafasi haikutosha, watu wanakimbia na magodoro yao. Alisema mbao zitangulie, yeye atapanda kamio la nyuma." Dereva akapangusa jasho. "Alisema tena: usiziguse mpaka afike. Anataka kuzichagua yeye mwenyewe, upi wa mlango, upi wa ubavu."

Bénédicte alicheka, maana alimsikia kabisa mumewe katika maneno hayo. Alizipanga ukutani, chumbani, akaweka vijiti katikati. Alipika ndizi, akafunika chakula.

Jioni ile redio ilisema Rutshuru imechukuliwa na waasi.

Kamio la nyuma halikufika. Watu waliofika walifika kwa miguu, wakajaa upande wa Munigi, kaskazini mwa mji, wakajikinga kwa majani na mahema. Bénédicte alienda kule kila alipoweza, akapita hema kwa hema akitaja jina la mumewe. Alimpata Rémy. Alikuwa ameketi juu ya jiwe, kiatu kimoja mguuni, na alipomwona dada yake hakusimama.

"Walitukuta barabarani, tunangoja gari," alisema. "Watu wa bunduki. Walitaka wanaume wenye nguvu wabebe masanduku. Mimi waliniacha kwa sababu ya mguu wangu mbovu. Onésime walimtwika."

"Wakaenda wapi?"

"Juu. Kwenye vilima."

"Alisema nini?"

Rémy alianza kulia. "Aliuliza kama kamio la mbao limeondoka. Nikamwambia limeondoka. Akasema, basi vizuri."

Tangu siku hiyo Bénédicte aliishi kwa kupiga verni katika atelye za watu wengine, na mbao za grevilea zilikaa chumbani. Waasi waliingia Goma, wakatoka. Vita ikasogea, ikarudi. Majirani walikuja kuziomba: mmoja anajenga, mwingine anataka meza, mwingine kafiwa. Wote aliwajibu vilevile, kwa upole, kwamba mwenyewe hajafika. Hata kuzigeuza hakuzigeuza, ingawa alijua kuwa mbao zisipogeuzwa wala kupigwa upepo hazina usalama. Aliambiwa asiziguse. Alitandika kitambaa juu yake, akaweka Biblia.

Uwingabire alikua, akamaliza shule, akapata mchumba, kijana wa Masisi mwenye adabu. Mama alifurahi, lakini kabati lilipotajwa alisema, "Tungoje kidogo."

Mei 2021 mlima ukapasuka tena. Safari hii moto ulisimama karibu na Munigi, lakini ardhi ikawa inatetemeka mfululizo, kuta zinapasuka, na serikali ikaamuru watu wahame. Barabara ya kwenda Sake, upande wa magharibi, ilijaa. Uwingabire alikuwa ameshafunga vitu katika kitenge. Mama yake alikuwa ameketi kitandani.

"Mama, twende."

"Nenda wewe. Akija asikute nyumba tupu."

Uwingabire akaweka mzigo chini, akapiga magoti mbele yake. Neno alilosema halikuwahi kutamkwa katika nyumba hiyo.

"Mama, Papa harudi."

Ardhi ikatetemeka. Biblia ikateleza ikaanguka na kitambaa chake, na kutoka kwenye mbao kukamwagika unga laini, wa njano, kama wa mahindi. Bénédicte aliuangalia. Aliinua mkono, akagonga ubao wa juu kwa kifundo cha kidole. Halafu wa chini yake. Halafu wa tatu. Zote zililia tupu. Dumuzi, wadudu watoboao mbao, walikuwa wamezila kwa ndani, wakaacha ngozi tu.

"Nilisikia," alisema polepole. "Nilikuwa nawasikia wakitafuna, mwanangu. Miaka mingi. Nikasema ni panya."

Binti alimshika mkono, wakatoka, wakaingia katika msafara wa watu waliokwenda Sake.

Waliporudi, walizitoa mbao uani. Walizikata kwa msumeno, wakitafuta pa kuokoa, na vipande vizima vilivyobaki havikutosha hata kibweta. Bénédicte alivipiga randa hata hivyo. Madoa yakatokea, yanang'aa, kama Onésime alivyosema. Zilizobaki ziliingia jikoni, zikapika chakula cha matanga, kwa sababu hatimaye alikubali matanga yawekwe.

Hapakuwa na mwili wala kaburi. Watu walikaa uani chini ya turubai. Rémy alikuja na fimbo. Wanakwaya waliimba, kisha mchungaji akamwomba mjane awaambie vijana, ambao hawakumjua, Onésime alikuwa mtu wa namna gani.

Bénédicte alisimama. "Onésime anapenda..." alianza, kama alivyosema miaka yote.

Watu walingoja. Uwingabire aliinuka nusu, akakaa tena.

"Onésime alipenda," akasema, na sauti ikakatika hapo hapo, na wanawake wakamdaka kabla hajafika chini.