Mabomba Manne na Namba Mbili

Mtaa mzima ulimwita Rubani, na wala si kwa heshima. Kwa miaka tisa alikuwa akiunda ndege katika banda la gari nyuma ya nyumba, na kwa miaka tisa ndege hiyo haikuwahi kwenda mbali zaidi ya getini. Kabla ya kustaafu alikuwa fundi bomba, na ufundi huo haukumtoka hata kidogo: tatizo lolote likimjia, kwanza alitafuta bomba la kukata.

Ndege ilikuwa na viti viwili. Cha mbele kilikuwa chake, na cha nyuma alikitengenezea mkewe, fundi cherehani, ambaye hakuwa ameulizwa. Ukutani alibandika karatasi ya uzito, kwa kuwa ndege ndogo haina mchezo na kilo: injini, mafuta, rubani, sanduku la vifaa kilo kumi na nne ("Fundi hatoki nyumbani mikono mitupu," alisema), kisha abiria. Mbele ya neno abiria palikuwa peupe. Mkewe alikataa katakata kutaja uzito wake. Siku moja mzee alificha mizani chini ya zulia, mbele ya cherehani. Mama akaigundua, akaipandisha juu ya kabati, na kwa siku mbili akamwacha ajichemshie chai yake mwenyewe.

"Mashine yako ikitaja namba yake," alimwambia siku ya tatu, "na mimi nitataja yangu. Na nitapanda."

Namba ya mashine ilikuwa elfu tano na mia tano. Hiyo ndiyo mizunguko kwa dakika ambayo injini ilipaswa kufikisha ikiwa imefungwa pangaboi, lile panga la mbele la kuivuta ndege, ili ipae na watu wawili. Pungufu ya hapo, ingebeba mmoja tu, na Rubani hakutaka kupaa peke yake. Tena muda ulikuwa umembana. Daktari alimpa cheti cha afya cha mwaka mmoja, na alipoulizwa kuhusu mwaka unaofuata alikohoa tu, akaangalia dirishani. Cheti kilikuwa kimebakiza miezi miwili.

Injini yenyewe aliitoa kwenye gari la michezo lililogongwa. Haikuwa na pistoni za kupanda na kushuka; ndani mlizunguka vipande viwili vya pembetatu, na kila kimoja kilivuta hewa kwa mabomba mawili ya alumini. Hapo kwenye mabomba ndipo mzee alipojipatia kazi isiyokwisha. Hewa ikifungiwa mlango wa injini ghafla hurudi nyuma, kisha huja tena kwa nguvu. Bomba likiwa na urefu unaofaa, hewa hiyo hufika mlango unapofunguliwa, ikajisukuma ndani kwa wingi. Bomba refu huifaa injini ya mwendo wa kiasi, fupi huifaa ya mbio. Hayo yote aliyajua. Aliyasoma katika kitabu cha magari ya mashindano, na kosa lake likaanzia hapo.

Mabomba yalikuwa na urefu wa sentimita sitini. Injini ikiwa bado haina pangaboi, alikata sentimita nane, ikanguruma vizuri. Akakata nane nyingine, ikanguruma vizuri zaidi. Mzee akapita mtaani kifua mbele, akimweleza muuza duka mambo ambayo muuza duka hakuyauliza.

Kisha akafunga pangaboi, akaufunga mkia wa ndege kwenye nguzo ya geti kwa kamba mbili, akafungua mafuta mpaka mwisho. Nguo za jirani zilihama kwenye kamba zikatua juu ya paa. Sindano ya kipima mizunguko ikapanda mpaka elfu tano na mia tatu, ikagoma hapo. Basi mzee akafanya lile alilolizoea, akakata sita nyingine. Sindano ikashuka mpaka elfu tano na mia mbili.

Kesho yake asubuhi mkewe alimkuta ameketi juu ya sanduku la vifaa, msumeno mapajani.

"Bado haijasema?"

"Imekwama. Mabomba nimeyamaliza, na nikiagiza mapya yatafika cheti kimekwisha." Akafuta miwani kwa shati. "Basi tu, mama. Nitapaa peke yangu mara moja, nikupungie mkono kutoka juu, nishuke, nimpe mwingine hii ndege."

Mama alikuwa na uso wa mtu mwenye utani tayari mdomoni. Akaumeza.

"Hebu niambie. Ulipoipima hiyo injini, ilikuwa imevaa nini?"

"Imevaa?"

"Mteja akitaka gauni refu, namwambia avae viatu atakavyovaa siku yenyewe, ndipo nipime upindo. Nikimpima peku, siku hiyo gauni litamwishia juu ya vifundo. Hili pangaboi ulilifunga lini?"

Mzee aliutazama msumeno.

"Baada ya kukata," alisema.

"Mara ngapi?"

"Mbili."

"Kwa hiyo mteja ulimpima peku."

Mzee alijua amepatikana. Gari la kitabuni lilikimbia mizunguko elfu nane, na pangaboi lisingeiruhusu injini yake kufika huko hata siku moja. Aliona aibu, tena aibu ya fundi mbele ya fundi, ambayo huuma kuliko nyingine.

Mama aliingia ndani akarudi na mfuko wake wa vitambaa. Akauinamisha, na katikati ya vipande vya khanga na bitana vikaanguka vipande kumi na viwili vya alumini, vinne vinne, vimefungwa uzi na kuandikwa kwa chaki: kwanza, pili, tatu.

"Mimi situpi kipande mpaka mteja avae, aridhike, aondoke," alisema. "Nani anafagia hili banda? Ulidhani vinakwenda wapi?"

Wakaviunga kwa vipande vya mpira na klipu, vitu ambavyo mzee alikuwa navyo vya kutosha mtaa mzima. Kwanza walirudisha vya tatu: elfu tano na mia tatu. Wakaongeza vya pili. Jirani alikuwa ameshaanua nguo zake bila kuombwa. Sindano ikapanda, ikasita, ikapita elfu tano na mia tano kwa unywele, ikatulia.

Mzee akazima injini. Akalipigapiga bawa kwa furaha.

Mama alikuwa ameshafika ukutani na penseli.

"Na viatu au bila viatu?"

"Na viatu. Vile utakavyovaa siku hiyo."

Mama akaandika themanini na moja. Mzee, moyoni mwake, alikuwa amekadiria sitini na nane, nusu kwa mapenzi, nusu kwa woga. Akafungua mdomo.

"Angalia sana utakalosema, mzee."

"Sijasema kitu."

Akajumlisha kutoka juu mpaka chini. Jumla ilizidi uzito ambao ndege ingeweza kubeba kwa kilo kumi na tatu. Akaisoma orodha tena polepole, akachukua penseli mkononi mwa mkewe, akakata mstari mmoja: sanduku la vifaa, kilo kumi na nne.