Samaki Mmoja kwa Wagomvi Wawili

Juma lililopita nilikuwa Nchelenge, ng'ambo ya ziwa kutoka Kongo, na kila mchana nilijaribu kibanda kingine cha chakula kando ya ziwa. Nitakachokikumbuka zaidi ni kile cha karibu na soko la samaki.

Waliingia wachuuzi wawili kutoka Kongo, washirika wa miaka mingi, ambao asubuhi ile walikuwa wametangaza sokoni kwamba wanaachana. Kila mmoja akakaa meza yake. Mama mwenye kibanda akaweka bukari, yaani ugali, na samaki mmoja mkubwa kwenye meza ya tatu.

"Ba papa, mukuye hapa."

"Miye sikule na ule mutu! Nipe sahani yangu," mmoja akafoka kwa ukali.

"Hapa kwangu samaki hatuikate. Hii iko ya batu mbili. Kama hamupendi, mubakie na njala."

Walikuja, wakanawa, wakatazama pembeni. Lakini samaki mzima ni shida kumchana kwa mkono wa kulia peke yake, na wa kushoto haugusi chakula. Yule mkali alihangaika mpaka samaki akafika ukingoni mwa sahani. Mwishowe akanung'unika:

"Kamata kichwa, basi."

Mwenzake akakamata. "Vuta polepole, we mulafi! Ukikabwa na mufupa, kesho nitavuka na nani?"

Nimesoma mengi kuhusu upatanisho. Sikuwahi kuona uliopikwa vizuri hivyo.

Tangu mke wangu afariki, nimekuwa nikiagiza samaki wadogo. Siku ile niliagiza mkubwa, nikamwomba mama akae tule pamoja.