Kaya ya Babu Kwenye Ramani

Kwenye chumba cha ramani cha chuo ninachofanyia kazi hapa Dodoma kuna karatasi moja ninayoipenda kuliko zote. Ni ramani ya zamani ya upande wa Nzuguni, iliyochorwa kabla viwanja havijafika. Mistari ya kahawia inazunguka vilima, korongo limepakwa buluu utadhani lina maji mwaka mzima, na huku na huko kuna vidoa vyeusi, kila kimoja kaya ya mtu. Nilijiuliza mara nyingi ni akina nani hao.

Siku moja shangazi akanijia na shida. Baba yake, yaani babu yangu, alizikwa ndani ya zizi la ng'ombe, kama Wagogo wa zamani walivyomzika mwenye kaya. Baadaye familia ikahamishiwa kijiji cha ujamaa, shangazi akiwa bado mtoto.

"Wapimaji wameshafika kule," alisema. "Nataka nimwone baba kabla hajajengewa juu."

Nikajigamba kwamba hiyo kazi ndogo. Aliniambia kaya yao ilikuwa karibu na kona ya korongo, na hapo ramani ilikuwa na kidoa kimoja tu; nikapima kwa rula kutoka kwenye kona hiyo, nikatoa nakala, Jumamosi tukaenda. Nilipopaonyesha palikuwa changarawe tupu. Niliigeuza ramani, nikaigeuza tena, aibu imenijaa.

"Kwani unatafuta nini?" shangazi akauliza.

"Nyumba, shangazi. Hiki kidoa."

"Tembe ni udongo, lilisharudi kuwa udongo. Tafuta samadi ya zizi, hiyo haipotei."

Akatangulia, macho chini, akiparua ardhi kwa ncha ya kandambili. Nyekundu. Nyekundu tena. Hatua kama mia hivi mbele, udongo ukawa mweusi ghafla. Hapo palikuwa na tuta la mchicha ulionawiri, na dada mmoja, mtumishi wa serikali aliyehamia kutoka Mwanza, akiumwagilia kando ya nyumba yake mpya.

"Shikamoo mama. Karibuni."

"Marahaba, mwanangu. Unatia mbolea gani?"

"Hata sitii. Unastawi wenyewe, nashangaa."

Shangazi akapiga magoti, akachota udongo kwa mikono miwili. "Shikamoo, baba," akasema, kisha akalia. Nami nililia, sifichi.

Nilimweleza yule dada. Akashtuka, akauliza kama aung'oe mchicha.

"Usiung'oe. Lima tu, baba alipenda kulima." Shangazi akaona vigingi vinne na kamba iliyozungushwa katikati ya tuta. "Na hii kamba ya nini?"

Dada akajibu, "Shimo la choo, mama. Mafundi wanaanza Jumatatu."

Yule dada akaweka ndoo chini, akainama, akang'oa kigingi cha kwanza.